Rejeo la Masafa la Nyumbani: Moduli Tupu ya GPS, GPSDO au Rubidiamu?

Mtu anayepima masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, hufika mahali ambapo kipimo chake chenyewe ndicho kinachohitaji kupimwa. Kaunta, yaani kifaa cha kuhesabia masafa, inaweza kuonyesha tarakimu kumi zilizotulia kabisa, na bado kuanzia ya saba zikawa si za kweli, kwa sababu fuwele ya kwatzi iliyo ndani yake imezeeka na hakuna taa yoyote itakayowaka kukuarifu. Redio ya mawimbi mafupi inayokosea sehemu 1 kati ya milioni 1 kwenye 10 MHz hukosea kwa hezi 10 tu, kosa ambalo sikio hulivumilia. Kosa hilo hilo kwenye 10.489 GHz, ambako setilaiti ya QO-100 huteremsha mawimbi ya wapenzi wa redio, hupita 10 kHz, na unayemtafuta utampita bila kumsikia.

Dawa yake ni rejeo: kifaa kimoja kinachotoa 10 MHz iliyo sahihi, ambacho kaunta, jenereta ya mawimbi na redio zote hufungwa kwacho ili zihesabu kwa mpigo mmoja. Zamani chombo cha namna hiyo kilikuwa cha maabara za taifa na kampuni za simu. Leo mtu binafsi anaweza kuwa nacho mezani kwa sababu ya GPS, ambayo setilaiti zake hubeba saa za atomi za sesiamu au rubidiamu zinazosimamiwa na vituo vya ardhini usiku na mchana. Usimamizi huo ni wa kina kiasi kwamba masafa ya msingi ya setilaiti, ambayo yangekuwa 10.23 MHz kamili, hupunguzwa kwa makusudi hadi 10.22999999543 MHz kabla ya kurushwa, kwa kuwa huko juu saa hukimbia mbele kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku kwa sababu udhaifu wa mvutano wa dunia huiharakisha kuliko mwendo wake unavyoichelewesha. Kazi yote hiyo hukufikia kupitia antena ya ukubwa wa kiganja.

Kinachobaki ni kuchagua namna ya kuipokea. Njia ninazozilinganisha hapa ni moduli tupu ya GPS inayotoa masafa yenyewe. GPSDO, yaani osileta (kifaa kinachozalisha mitetemo) nzuri ya kwatzi inayorekebishwa na GPS. Na osileta ya rubidiamu, ambayo inaweza kusimama bila GPS kabisa. Wengi huzipanga kama ngazi, kutoka hafifu kwenda bora, na nadhani kosa la uchaguzi huanzia hapo. Kila moja ina muda wake wa kuwa sahihi, na swali linalotangulia mengine yote ni hili: unataka usahihi wa sekunde, wa saa, au wa miezi?

Sekunde na siku si kitu kimoja

Kipokezi cha GPS hutoa mpigo mmoja kila sekunde. Kwa moduli ya kawaida kama NEO-M8N ya kampuni ya u-blox, mpigo huo huwahi au huchelewa kwa takriban nanosekunde 30. Ukipima masafa kwa mipigo miwili inayofuatana, kosa la nanosekunde 30 ndani ya sekunde 1 ni sehemu 3 kati ya milioni 100, jambo ambalo fuwele ya bei ya chini hulishinda bila taabu. Lakini kosa hilo halijilimbikizi. Baada ya sekunde 1,000 bado ni nanosekunde 30 zile zile, sasa zikigawanywa kwa 1,000, na unapata sehemu 3 kati ya bilioni 100. Baada ya siku nzima yenye sekunde 86,400 umefika karibu sehemu 3 na nusu kati ya trilioni 10. GPS ni shahidi mwenye kigugumizi ambaye ukimsubiri amalize, hasemi uongo.

Kwatzi ni kinyume chake. Osileta nzuri iliyofungiwa ndani ya kijitanuri chenye joto lisilobadilika, ile inayojulikana kwa herufi OCXO, hutulia ndani ya sekunde moja kwa kiwango cha sehemu 1 kati ya bilioni 100, na zile bora hufika sehemu 1 kati ya trilioni. Katika sekunde hiyo moja hakuna mpigo wa GPS unaoikaribia. Iache wiki mbili, hata hivyo, nayo itakuwa imehama, kwa sababu kwatzi huzeeka, hubadilika kwa joto la chumba linalopenya tanuri, na haina kumbukumbu ya mahali ilipoanzia.

Rubidiamu hukaa katikati. Kwa sekunde moja haizidi OCXO nzuri, na mara nyingi huzidiwa nayo. Kwa saa na siku huishinda kwatzi mbali sana. Kwa miezi na miaka nayo huhama polepole na kuhitaji kusahihishwa. Wapimaji wana kipimo cha mambo haya kilichopendekezwa na Mmarekani David Allan mwaka 1966, ambacho huonyesha kutulia kwa osileta kwa kila urefu wa muda. Atakayeisoma michoro ya namna hiyo kabla ya kununua atajiepusha na majuto mengi, kwani kifaa kinachotangazwa kwa tarakimu moja tu ya usahihi huwa kimeficha muda unaohusika.

Moduli tupu

Moduli za u-blox za kizazi cha 7 na cha 8 zina pini ya mpigo wa wakati ambayo inaweza kupangwa kwa programu itoe masafa yoyote kuanzia robo ya hezi hadi 10 MHz. Mtu hununua moduli, huiunganisha na kompyuta kwa dakika chache, huandika 10 MHz kwenye programu ya mipangilio, na mara moja ana 10 MHz inayoifuata GPS. Ni njia nyepesi kuliko zote, na kwa wastani wa muda mrefu masafa hayo ni ya kweli kabisa.

Tatizo huonekana kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi kwenye kioo. Ukiutazama mpigo wa moduli kwa ukaribu utaona kingo za wimbi zimekuwa nene, kana kwamba mstari umechorwa mara mbili. Ndani ya moduli hakuna osileta inayosukumwa ikafuata GPS. Kuna saa ya 48 MHz inayokwenda inavyotaka, na pato hutengenezwa kwa kuihesabu mizunguko yake. Kwa kuwa 48 haigawanyiki kwa 10 bila baki, moduli hulazimika kuchanganya vipindi vya mizunguko 4 na vya mizunguko 5 ili wastani uwe 4.8. Kila kipindi ni kifupi au kirefu mno, na kilicho sahihi ni jumla yao tu.

Ukiipanga itoe 8 MHz, hali hubadilika papo hapo, maana 48 kugawanya kwa 6 ni 8 kamili na kingo hukonda. Wengi hugundua hila hii kisha hudhani wamemaliza. Saa ya ndani, hata hivyo, si 48 MHz kamili. Ikiwa imekosea sehemu 1 kati ya milioni, moduli lazima irekebishe mikrosekunde 1 kila sekunde, na kwa kuwa hatua yake ndogo kuliko zote ni mzunguko mmoja wa nanosekunde 21, wimbi litaruka karibu mara 48 katika kila sekunde. Kaunta inayohesabu kwa sekunde 10 haitaona chochote cha kutisha. Redio ya mikrowevu itaona, kwani kupandisha 10 MHz hadi 10 GHz ni kuzidisha mara 1,000, na kelele za fezi, yaani mitikisiko midogo ya wakati wa wimbi, hupanda kwa desibeli 60 pamoja nayo. Sauti iliyokuwa toni moja safi hugeuka kuwa mkwaruzo.

Kwa hiyo moduli tupu ninaipendekeza bila kusita kwa mtu ambaye anataka kujua kama kaunta yake inasema kweli, au anayetaka kurekebisha fuwele ya redio mara moja kwa miezi kadhaa. Siipendekezi iwe chanzo cha kudumu cha redio, wala cha jenereta ambayo utaitumia kupima vichujio vyembamba. Unaweza kuisafisha kwa kuipitisha kwenye kitanzi cha kufuatilia fezi chenye osileta ya kwatzi, lakini ukishafanya hivyo umeanza kujenga GPSDO, na ni heri uijenge kwa nia tangu mwanzo.

GPSDO

Hapa ndipo tabia mbili zinapooanishwa. GPSDO ina OCXO ambayo masafa yake husogezwa kidogo kwa volti ya udhibiti. Pato lake la 10 MHz hugawanywa hadi mpigo mmoja kwa sekunde, mpigo huo hulinganishwa na ule wa GPS, na tofauti ya nanosekunde kati yao huongoza volti. Siri yote imo katika uvivu wa kurekebisha. Kitanzi hicho cha kurekebisha kikiwa chepesi mno, kigugumizi cha GPS hupenya hadi kwenye kwatzi na unaharibu kile ulichokilipia. Kikiwa kizito mno, kwatzi huhama na joto la mchana kabla hakijaiwahi. Kwa OCXO ya wastani, mahali pazuri huwa ni sekunde mia moja au mia kadhaa, na kwa OCXO bora sana hufika elfu moja au zaidi.

Usahihi wa volti nao una uzito wake. Tuseme osileta inaweza kusogezwa kwa jumla ya sehemu 4 kati ya milioni 10, na volti inatengenezwa na kigeuzi cha namba kuwa volti cha biti 16 chenye hatua 65,536. Kila hatua basi ni takriban sehemu 6 kati ya trilioni. Hiyo inatosha matumizi mengi ya nyumbani. Kigeuzi cha biti 10 kwenye osileta hiyo hiyo kingekuwa na hatua za sehemu 4 kati ya bilioni 10, na kitanzi kingebaki kinarukaruka kati ya hatua mbili bila kupumzika. Atakayejenga mwenyewe kwa kidhibiti kidogo cha bei ya chini aliangalie hili kabla ya jambo jingine lolote.

Katika soko kuna makundi matatu ambayo kwa nje hufanana na kwa ndani hayafanani. La kwanza ni mitumba ya mitambo ya simu. Mitandao ya simu za mkononi ya CDMA ilihitaji minara yote iende kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kituo kilikuwa na rejeo lake, na mitambo ilipong'olewa vifaa kama HP Z3801A na Trimble Thunderbolt viliingia mikononi mwa watu binafsi. Ubora wa osileta zake ni wa kuheshimiwa: Z3801A ina osileta ya ukoo wa HP 10811 iliyowekwa ndani ya tanuri mbili, moja ndani ya nyingine. Thunderbolt ina faida ya ziada, nayo ni programu ya bure iitwayo Lady Heather, ambayo huchora volti ya udhibiti, joto na tofauti ya fezi kwa siku nzima, na hukuruhusu kubadilisha uzito wa kitanzi. Hakuna njia bora ya kujifunza tabia ya GPSDO kuliko kuutazama mchoro huo kwa wiki moja, ukaona mstari wa volti ukipanda na kushuka na joto la chumba.

Gharama ya mitumba ni usumbufu. Thunderbolt hudai volti 12 chanya, 12 hasi na 5 kwa pamoja, na Z3801A iliundwa kwa umeme wa vituo vya simu, si wa mezani. Pia kuna suala la tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha hurudi sifuri, jambo lililotokea Agosti 1999 na Aprili 2019 na litakalotokea tena Novemba 2038; kila kipokezi cha zamani kina siku yake ya kuchanganyikiwa kutegemea programu yake, na kwa Thunderbolt ilikuwa tarehe 30 Julai 2017. Tarehe ikirudi nyuma miaka 19 na nusu, masafa hayadhuriki hata kidogo. Anayetaka 10 MHz tu aendelee kukitumia kwa amani. Anayetaka pia saa ya kompyuta ndiye atakayeona taabu.

Kundi la pili ni visanduku vipya vya kiwandani vinavyotumia umeme wa USB na ambavyo pato lake unaweza kulipanga. Vile vya Leo Bodnar wa Uingereza vinajulikana sana kwa wapenzi wa redio, kwa kuwa huweza kutoa karibu masafa yoyote kuanzia chini ya 1 kHz hadi takriban 800 MHz. Mtu anayetaka 25 MHz kwa ajili ya kichwa cha dishi, kisha kesho 116 MHz kwa ajili ya kibadilishi cha mawimbi, hapati kitu cha kufaa zaidi. Ndani ya vidogo vyake kuna osileta ya kwatzi inayofidiwa joto, si ya tanuri, na hilo lina maana mbili: huwaka na kuwa tayari kwa dakika chache bila kula umeme mwingi, na GPS ikikatika haiwezi kushikilia masafa kwa muda mrefu kama OCXO.

La tatu ni visanduku vya bei ya chini vinavyounganishwa na mafundi binafsi, vingi vikiwa na OCXO iliyong'olewa kwenye mitambo ya zamani. Silidharau kundi hili. Kwatzi iliyokwisha kutumika miaka mingi mara nyingi hutulia kuliko mpya, kwa kuwa uzee wake mkali umeshapita. Lakini osileta iliyong'olewa kwa joto kali la chuma cha kulehemia huweza kuwa na mruko wa ghafla wa masafa unaojitokeza mara moja kwa siku au mbili, na huwezi kuujua kwa kuangalia taa ya kijani. Nilikuwa na kimoja cha namna hiyo ambacho kilionyesha kimefunga GPS wakati wote, na kwa muda mrefu nikailaumu antena, hadi nilipokiweka kando ya chanzo kingine nikaona wimbi linateleza ghafla, linasimama, kisha linarudishwa taratibu na kitanzi. Kama kisanduku hakitoi takwimu zozote za ndani, hesabu kwamba utahitaji kitu cha pili cha kukipimia.

Kuhusu kujenga mwenyewe: mchoro wa Brooks Shera uliochapishwa katika jarida la QST Julai 1998 ulifungua njia kwa watu wengi, na ulifanya kazi wakati serikali ya Marekani bado ilikuwa inaipotosha GPS ya raia kwa makusudi, upotoshaji uliokomeshwa Mei 2000. Mjenzi wa leo ana kazi nyepesi zaidi. Atumie moduli ya aina ya wakati, kama NEO-M8T, ambayo baada ya kujua mahali ilipo husimamisha hesabu ya mahali na kutumia kila setilaiti kwa ajili ya wakati peke yake. Tena hutoa ujumbe unaosema mpigo ujao utakosea kwa nanosekunde ngapi kutokana na hatua za saa yake ya ndani, na programu ikitoa kiasi hicho, kelele hupungua kwa kiasi kinachoonekana kwa macho kwenye mchoro.

Rubidiamu

Osileta ya rubidiamu hufunga kwatzi kwenye mtikisiko wa atomi za rubidiamu 87 ulioko karibu na 6.834682611 GHz. Mitumba inayopatikana zaidi ni LPRO-101 ya Efratom na FE-5680A. Ukiiwasha husubiri dakika kadhaa ipate joto, ikitafuta masafa yake kwa kupanda na kushuka, kisha hufunga, na kuanzia hapo ina utulivu ambao kwatzi haiwezi kuufikia kwa siku nzima. LPRO-101 huhama kwa si zaidi ya sehemu 5 kati ya bilioni 100 kwa mwezi.

Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji anga. Anayeishi ghorofa ya chini kati ya majengo marefu, au anayebeba redio yake kilimani kwa mashindano ya wikiendi, hupata rejeo zuri mara tu inapofunga. Ila neno moja lisisahaulike: rubidiamu si rejeo la kwanza. Sekunde yenyewe tangu 1967 imefafanuliwa kwa sesiamu, mitetemo 9,192,631,770, na osileta ya rubidiamu hutoka kiwandani ikiwa imerekebishwa kulingana na chanzo kingine. Mtumba uliozimwa miaka mingi unaweza kufunga vizuri ukiwa umekosea sehemu 1 kati ya bilioni, nawe usijue.

Ina uhai wenye kikomo pia. Ndani yake kuna taa ndogo ya rubidiamu inayodhoofika. LPRO-101 ina pini ya kuonyesha volti ya taa hiyo, na mnunuzi wa mtumba ni vizuri aombe namba yake kabla ya kulipa. Inahitaji volti 24 na kipande kizuri cha alumini chini yake, maana hutoa joto lote kupitia kitako, na ukiiweka juu ya mbao tupu unaifupishia maisha.

Redio za viwango vya masafa kama WWV ya Fort Collins, Marekani, kwenye 5, 10 na 15 MHz zilikuwa njia ya wengi kabla ya haya yote. Hutolewa kwa usahihi mkubwa, lakini anga la juu huzitikisa njiani, na kinachofika kwa mbali ni karibu sehemu 1 kati ya milioni 10. Kwa kurekebisha redio ya mawimbi mafupi zinatosha. Katika ulinganisho huu hazishindani.

Antena huamua kuliko kisanduku

Nimeona watu wakibadilisha GPSDO mbili na tatu wakati tatizo lilikuwa dirishani. Antena iliyowekwa ndani ya dirisha huona nusu ya anga, na nusu hiyo huiona kwa mwangwi wa ukuta wa jirani. Ishara iliyogonga ukuta husafiri mita kadhaa zaidi, na kila mita ni zaidi ya nanosekunde 3. Dalili yake ni ya kupendeza kuitambua: kwa kuwa mpangilio wa setilaiti za GPS angani hujirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56, kosa la mwangwi nalo hujirudia, likitangulia dakika 4 kila siku. Mtu akiuona mchoro wake wa fezi una kilima kilekile saa 9:20 alasiri, kesho yake saa 9:16, na keshokutwa saa 9:12, asiilaumu osileta.

Iweke antena juu ya paa mahali inapoona anga pande zote, iache ijipime mahali pake kwa saa 24, kisha ifungie hapo. Urefu wa kebo hauharibu masafa. Nanosekunde 5 kwa kila mita ni ucheleweshaji usiobadilika, na unamhusu tu anayetaka wakati kamili wa siku. Kebo ya televisheni ya ohm 75 hufaa kabisa, na Thunderbolt yenyewe ilitoka kiwandani na kiunganishi cha aina hiyo. Hakikisha tu kwamba volti inayopandishwa na kipokezi kwenda antena, 3.3 au 5, ndiyo inayotakiwa na antena uliyonunua, na uweke kinga ya radi pale kebo inapoingia nyumbani.

Nani achague nini

Kwa anayemiliki kaunta moja na jenereta moja, na ambaye lengo lake ni kuamini tarakimu anazosoma, moduli tupu iliyopangwa 8 MHz au mpigo wa sekunde inatosha, na fedha iliyobaki aipeleke kwenye antena. Asiache kaunta iifuate moja kwa moja ikiwa kaunta ina OCXO nzuri ndani. Aitumie kuirekebisha OCXO hiyo, kisha aiache.

Anayefanya kazi ya mikrowevu, anayefuata setilaiti au anayepima kelele za fezi, anahitaji GPSDO, na kama masafa yake yote hutokana na 10 MHz ningempa Thunderbolt au kifaa cha ukoo huo mbele ya kisanduku chochote kipya cha bei sawa, kwa sababu ya osileta na kwa sababu anaweza kuona kinachoendelea ndani. Kama anahitaji masafa ya ajabuajabu kwa kila mtambo, au hana nafasi wala subira ya pawasaplai ya volti tatu, kisanduku cha USB chenye pato la kupangwa kitamfaa zaidi, na upungufu wake wa kushikilia masafa hatauhisi mradi antena iko paani. Ahesabu tangu mwanzo namna ya kugawa pato: vifaa viwili vilivyounganishwa kwenye pato moja kwa kiunganishi cha T huvurugana, na kikuza ishara kidogo cha video chenye matundu kadhaa ya pato yaliyotenganishwa kwa transfoma huondoa tatizo hilo pamoja na mngurumo wa umeme unaopita kwenye ardhi za kebo.

Rubidiamu ni ya asiye na anga na ya anayesafiri. Ni pia ya yule ambaye tayari ana GPSDO na anataka shahidi wa pili, na kwa huyu wa mwisho ndipo vifaa hivi huonyesha thamani yake yote. Weka 10 MHz ya GPSDO kwenye chaneli ya kwanza ya osiloskopu na uifanye ndiyo inayoongoza picha. Weka ya rubidiamu kwenye chaneli ya pili. Wimbi la kwanza litasimama, la pili litatembea. Likimaliza mzunguko mmoja, yaani nanosekunde 100, kwa sekunde 100, tofauti ni sehemu 1 kati ya bilioni. Kwa sekunde 1,000, sehemu 1 kati ya bilioni 10. Izungushe skrubu ya kurekebishia ya rubidiamu kidogo sana, subiri, pima tena, na jinsi unavyokaribia ndivyo kila kipimo kinavyodai subira ndefu: kwanza dakika, halafu saa, halafu usiku kucha. Siku utakayoweka alama ya kalamu kwenye kioo cha osiloskopu kabla ya kulala, ukaamka na kukuta wimbi la pili limesogea robo tu ya mzunguko, rejeo lako liko tayari kufungwa kwenye kaunta.